Sinki la Kimo cha Baba

Baba yangu alikuwa mtu wa mizani. Karibu maisha yake yote ya kazi aliyamalizia kwenye ghala la ushirika akipima kahawa za watu, na upande wetu wote wa Machame ulijua kwamba mzani wake hauna ndugu. Shangazi yangu, dada yake wa tumbo moja, alipimiwa gunia lake sawasawa na mtu baki, akanuna msimu mzima. Nalisema hili mapema ili msomaji ajue ni mtu wa namna gani aliyekosea kupima jiko la mke wake.

Wakati ninaousimulia alikuwa ameshapunguzwa kazi. Biashara ya kahawa ilikuwa imefunguliwa, wanunuzi binafsi walipanda mlimani na magari yao kununua mlangoni kwa mtu, na lile ghala likabaki na popo na makarani wasio na cha kupima. Baba akarudi nyumbani. Mbele yetu hakulalamika. Alishika jembe, akashika mkasi wa kupogolea, kisha akaanza kurekebisha kila kilicholegea pale nyumbani, kuanzia bawaba za mlango wa choo mpaka paa la banda la ng'ombe. Mama alikuwa akimtania kwamba kama wangempunguza mapema, sasa tungekuwa tunaishi kwenye ghorofa.

Halafu mama akaanguka. Wanawake wa kwetu wenye ng'ombe wa bandani walishuka mpaka tambarare kutafuta majani na mabua, kisha wakapanda nayo mlima mzima yakiwa kichwani. Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha na njia ilikuwa utelezi mtupu. Mama alikuwa ameshafika karibu kabisa na nyumbani, pale njia inapopita kando ya mfongo, ule mfereji wa maji waliouchimba babu zetu, ndipo mguu ukamtoka. Alianguka, na mzigo ukamwangukia mgongoni. Alilazwa hospitali hadi mimi na baba tukazoea kula ndizi zilizoungulia sufuriani. Alipotoka, daktari alimpa masharti mawili: asibebe mzigo, na asiiname. Akirudia kuinama kama alivyozoea, alimwambia, atalala kitandani moja kwa moja.

Asiiname! Mpaka leo ningependa kukutana na yule daktari nimuulize ni mwanamke gani wa mlimani aliyewahi kumwona akifanya kazi bila kuinama. Kupika kulikuwa na nafuu, maana jiko letu la kuni lilijengwa juu ya matofali, la kupikia umesimama. Mtihani ulikuwa vyombo. Vilioshewa nje, chini, kwenye mabeseni: sufuria zenye masizi, sahani, vikombe, na ndoo za maziwa ambazo zisipotakata vizuri maziwa yanachachuka na kukataliwa kule yanakopokelewa. Hiyo ilikuwa kazi ya kuinama asubuhi, mchana na jioni, kila siku ya Mungu.

Na mimi ndiye niliyekuwa binti pekee. Kaka zangu walikuwa wameshatawanyika, mmoja Dar es Salaam na wengine Arusha, tunawaona Krismasi na viatu vyao vya kung'aa. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nimechaguliwa kwenda sekondari ya bweni, mbali sana na kwetu, safari ya kuanza alfajiri na kufika usiku. Sanduku la bati lilikuwa limeshanunuliwa. Nililiweka chini ya kitanda changu na kila nilipopata nafasi nililivuta, nikalifungua na kunusa rangi yake mpya.

Akaja shangazi. Alikuja kumpa mgonjwa pole, kama ilivyo desturi, na mkungu wa ndizi mbivu. Chai ilipomiminwa akasema kilichomleta.

“Mdogo wangu,” akamwambia baba, “huyu mtoto asubiri kwanza. Shule haikimbii. Mama yake ataangaliwa na nani? Unataka mgonjwa ndiye awaoshee vyombo?”

Nilikuwa nyuma ya mlango, nikasikia kila neno, na nilimchukia shangazi yangu kwa moyo wangu wote. Hakuwa mtu mbaya. Alisema tu kile ambacho nyumba yoyote ya jirani ingekisema, na wasichana wengi wa rika langu walibakizwa nyumbani kwa sababu ndogo kuliko mgongo. Lakini siku ile nilitamani chai impalie.

Baba alimaliza kikombe chake cha chai, tukadhani amekubali. Kisha akasema, “Hakuna mtoto atakayeacha shule kwa sababu ya sahani. Nitaweka sinki. Mama yake ataosha akiwa amesimama.”

“Sinki?” Shangazi alicheka mpaka kikombe kikatikisika. “Yelewii! Kwani wewe umekuwa askofu?”

Alikuwa na haki ya kucheka. Miaka ile sinki la jikoni ulilikuta nyumba ya mchungaji, hospitali na mjini Moshi kwenye nyumba za watu wenye nafasi. Kwetu bomba lenyewe lilikuwa moja, limesimama uani, na tulijiona tumeendelea. Lakini mama, aliyekuwa amelala ubavu akisikiliza, hakucheka. Alimtazama baba jinsi alivyomtazama siku zote akiahidi jambo, yaani kama mtu aliyekwisha kulipokea.

Baba alilipata sinki njia ya Sanya Juu, kwenye nyumba ya zamani ya shamba kubwa la kahawa iliyokuwa ikibomolewa na vitu vyake kuuzwa kimoja kimoja. Lilikuja juu ya pikapu ya jirani, limelazwa katikati ya mikungu ya ndizi. Lilikuwa jeupe, la kauri nzito, na kina chake kilitosha kumwogeshea mtoto. Wanaume walilishusha kwa kelele na kuitana, kila mmoja akimlaumu mwenzake kwamba haubebi upande wake. Mama aliletewa kiti nje aone.

“Hili ni sinki,” akauliza, “au ni hori la ng'ombe?”

Watu wakaangua kicheko, na baba akacheka kuliko wote. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia mama akitania tangu atoke hospitali.

Kazi ya kulifunga baba aliifanya mwenyewe, akiniacha mimi nimpe vifaa. Nilimpenda sana siku zile. Alitoa paipu kutoka bomba la uani, akatoboa ukuta wa jikoni, akafunga kila kiungo kwa katani na rangi huku ulimi umemtoka kidogo pembeni mwa mdomo kama mtoto anayejifunza kuandika. Paipu ya majitaka aliipeleka kwenye migomba, akisema hakuna tone litakalotoka kihambani kwetu, shamba la ukoo, bila kunywesha mgomba. Mama alikuwa na ombi moja tu: makoko ya chakula na maji ya kusuuzia sufuria yasipite kwenye paipu, ni ya ng'ombe. Baba akaweka ndoo chini ya sinki kwa ajili hiyo.

Kilichobaki kilikuwa kimo. Sinki zito namna ile haliwezi kuning'inia ukutani, lilitakiwa lijengewe nguzo za matofali, na nguzo zikishaungana nalo kwa saruji basi. Kwa hiyo baba, mtu wa mizani, akaenda kumpima mama.

Hapa inabidi nieleze jambo. Kwetu wakati ule mtu akifariki, seremala alikuwa mbali na msiba, na kabla ya watu kuzoea futi za chuma, mwanamume mmoja wa ukoo aliingia ndani na kamba kavu ya mgomba. Alimpima marehemu kutoka utosini mpaka nyayoni, akapiga fundo, na kamba ile ndiyo iliyopelekwa kwa seremala achonge jeneza. Kwa sababu ya sifa yake ya kupima, baba ndiye aliyeitwa mara nyingi. Kila mtu alishawahi kumwona akitoka chumba cha msiba na kamba imekunjwa mkononi.

Sasa fikiria mama, ametoka hospitali juzi tu, amekaa juani anakanda mgongo, mara anamwona mume wake anakuja na kamba kavu ya mgomba.

“Simama kidogo,” baba akamwambia.

“Unanipima? Kwani nimekufa?”

“Nataka kimo cha sinki tu, mama watoto.”

“Kapime ukuta! Mimi hunipimi mpaka siku yenyewe ifike, na siku hiyo sitakuwepo kubishana na wewe.”

Safari hii hakuwa anatania. Baba aliona, akaificha ile kamba nyuma yake kama mtu aliyekutwa na kitu cha wizi, akarudi jikoni. Akasimama mwenyewe mbele ya ukuta, akalegeza mikono, akaniambia nivute kamba kutoka kwenye kisigino chake mpaka pale viganja vyake vilipofika vikiwa vimekaa vizuri kwa kazi. Akapiga fundo: hapo ndipo chini kabisa ya sinki ingekaa.

Utauliza, hakujua kwamba mke wake ni mfupi? Alijua. Lakini alijua ufupi wa kanisani, wa Jumapili, mama akiwa na viatu vya kisigino na kilemba kikubwa kichwani. Kimo cha mama jikoni hakukijua, kwa sababu mwanamume wa rika lake hakuingia jikoni ila kuomba kaa la moto, na kila alipoingia alimkuta mama ameketi kwenye kigoda akimenya ndizi, na uani alimkuta ameinama juu ya beseni. Miaka yote ile ya ndoa hakuwahi kuona mikono ya mke wake inafika wapi akisimama. Na mimi, niliyeshika upande wa chini wa kamba, nilikuwa nawaza sanduku langu.

Saruji ilipokauka, baba aliweka pimamaji juu ya ukingo wa sinki na kile kipovu kikakaa katikati kabisa. Aliisogeza pimamaji kila upande na kipovu hakikuhama. Sijawahi kuona kitu kilichonyooka kama sinki lile. Akafungua koki, maji yakashuka, yakapita, tukayasikia yakitiririka kwenye migomba, na baba akaniambia kwa fahari, “Kamwite mama yako.”

Mama aliingia taratibu, akishika ukuta, amevaa kitenge kizuri. Akasimama mbele ya sinki. Ukingo ulimfika kifuani.

Mama aliinua mikono yote miwili, akaipitisha juu ya ukingo na kuishusha ndani, na ili vidole vifike chini ilibidi asimame kwa vidole vya miguu na kulilalia sinki kwa kifua, mgongo wote umevutika. Akaosha kikombe kimoja hivyo hivyo. Niliona jasho likimtoka.

“Ni zuri,” akasema. “Ni zuri sana, baba. Aika, asante.”

Baba alimtazama mama, akatazama sinki, akachukua ile kamba iliyokuwa bado inaning'inia msumarini na kulitazama fundo. Sura yake ile siwezi kuisahau. Mtu ambaye hakuwahi kumpunja mtu punje ya kahawa alikuwa amempunja mke wake.

Tulileta kreti ya soda. Mama akapanda, nimemshika huku na baba kule, na alipogeuka kuchukua sahani kreti ikateleza kwenye sakafu mpya. Baba alimdaka, lakini ukelele alioutoa mama ulitutoa roho sote, naye akalala mpaka kesho yake. Habari ya kupanda juu ya kitu ikaishia pale. Kuvunja nguzo nako hakukuwezekana, kwa jinsi sinki lilivyoshikana na saruji lingepasuka vipande vipande. Siku ya kuripoti shule ilikuwa imekaribia. Kabla jua halijazama, shangazi alikuwa ameshapata habari zote, akatuma salamu kwamba atakuja tuzungumze vizuri. Nilivuta sanduku langu chini ya kitanda, na safari hii sikulifungua.

Asubuhi, baada ya chai, baba alikunja mikono ya shati lake. Alikusanya vikombe, akaenda navyo kwenye sinki. Mama aliyekuwa ameketi kwenye kigoda karibu na moto alinyanyuka kwa namna ambayo daktari asingeipenda.

“Weka hicho kikombe.”

“Sinki ni la kimo changu,” baba akasema. “Nani mwingine ataoshea hapa?”

“Wewe baba, weka kikombe! Unataka watu waseme nimekulisha limbwata? Nitauweka wapi uso wangu kanisani?” Akashika sikio la kikombe, baba ameshika upande wa pili, wakavutana, watu wazima wawili. Mama alikuwa analia. “Heri nilale kitandani milele kuliko nikuone hapo.”

Baba akaachia kikombe, akatoka nje. Nilidhani mambo yamekwisha. Nilijiona kabisa nikiwa pale jikoni mwaka hadi mwaka, na sanduku langu likiwa la kuwekea mahindi.

Alirudi na jani la isale.

Isale tunaupanda mipakani na makaburini, na mtu wa mlimani halichezei jani lake. Aliyekukosea akija amelishika, amekuja kuomba msamaha, na kumkataa huruhusiwi, liwe kosa la mpaka, la ng'ombe au la damu. Nimewaona wazee waliokuwa hawasalimiani wakinywa mbege, pombe yetu ya ndizi, kwenye kibuyu kimoja kwa sababu ya jani hilo. Sikuwahi kuliona likiletwa jikoni, kwa ajili ya vyombo, na mume kwa mke wake.

Baba alilikunja fundo kama inavyotakiwa, akaliweka juu ya ukingo mweupe wa sinki.

“Nimekukosea kipimo,” akasema. “Nisamehe. Na kosa hili niache nilibebe mwenyewe.”

Mama alilitazama lile jani. Moto ulikuwa unavuma jikoni na ng'ombe analia bandani. Kisha akanyoosha mkono, akalichukua, akalipachika kwenye upande wa kitambaa cha kichwa. Akavuta kigoda karibu na sinki, akaketi. Baba akafungua koki, akashika sufuria ya kwanza iliyokuwa mbele yake.

“Glasi kwanza,” mama akasema, bado machozi yanamtoka. “Baba, glasi kwanza. Sufuria mwisho.”

Hivyo ndivyo baba yangu alivyojifunza kuosha vyombo. Aliosha kama alivyopima, bila haraka na bila upendeleo, na ndoo za maziwa zilitakata hadi mpokeaji akauliza kama tumenunua mpya. Kwenye kilabu cha mbege walimsakama mpaka wakachoka. Aliwajibu, “Huyu mwanamke amenizalia na amenibebea majani kutoka tambarare mpaka mgongo umevunjika. Sahani ndizo zitaniua mimi?” Kuna waliocheka na kuna walionyamaza. Namsifu kwa hilo kuliko kwa jambo lingine lolote alilowahi kufanya, maana kijijini ni rahisi mwanamume kumpigania mke wake kwa fimbo kuliko kwa sabuni.

Shangazi alipokuja alimkuta na povu hadi kwenye viwiko. Alisimama mlangoni, mkoba umemshuka begani.

“Mdogo wangu. Wamekuloga.”

“Shikamoo, dada,” baba akasema bila kugeuka. “Karibu chai.”

Akanywa chai kimya kimya, kitu ambacho sikuwahi kumwona akikifanya. Alipomaliza, baba akanyoosha mkono wenye maji. “Lete kikombe.” Shangazi alikikumbatia kile kikombe kama vile anaombwa mtoto, lakini mwisho akampa. Kilipooshwa alikichukua, akakigeuza kwenye mwanga akitafuta doa. Hakuliona. Alikirudisha kabatini kwa mikono yake mwenyewe, na habari ya mimi kusubiri hakuigusa tena.

Niliondoka siku iliyopangwa. Baba alinibebea sanduku begani mpaka barabarani, na alipolipokeza kwa utingo niliona ncha za vidole vyake: zilikuwa nyeupe, zimekunjamana, kama za mama zilivyokuwa siku zote. Alikuwa ameosha vyombo vya asubuhi kabla hatujatoka, asije akaviacha. Nililia tangu pale mpaka tukapita Moshi mjini, na watu kwenye basi walidhani nasikitikia kuacha nyumbani.

Mgongo wa mama ulishikilia. Baba ndiye aliyetangulia, miaka mingi baadaye, na aliye mdogo kabisa kati ya kaka zangu akarudi kurithi kihamba kama ilivyo kwetu. Ana urefu wa baba. Alirithi migomba, ng'ombe na sinki, na mke wake anasema sinki ndilo lililomfaa zaidi.

Mimi nilijenga pembezoni mwa mji wa Moshi, na mume niliyempata ni mtu wa Kahe, mrefu, mtulivu, aliyelelewa na dada wengi na kwa hiyo hajui kuosha hata kijiko. Jiko lilipofikia hatua ya sinki, mama alikuwa amekuja kututembelea. Alikaa kwenye kiti katikati ya vumbi la saruji, mkongojo mapajani, akimwangalia fundi. Nami nimerithi ufupi wake wote. Fundi akanijia na futi yake.

“Mama, simama hapa nikupime, nijue nilipandishe kiasi gani.”

Nilikuwa nimeshasogea ukutani. Mama akagonga sakafu kwa mkongojo.

“Huyo usimpime,” akamwambia fundi, kisha akainua mkongojo na kumwelekezea mume wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni na kikombe chake cha chai. “Mpime yule.”